Mkono wa Pembeni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Wengine waliohusika, yaani shangazi yangu, fundi viatu wa jirani na mwalimu mmoja wa udereva, kila mtu alifanya kazi yake inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyeshika kisu.

Kazi yangu ni kufufua picha. Unaniletea picha ya babu yako iliyotafunwa na mende, naifuta vumbi, naipitisha kwenye skana, naziba palipotoboka, naikuza, naitia fremu, unaondoka unatabasamu. Kabla ya hapo nilifukuzwa kazi sehemu tatu, mara mbili kwa sababu ya mdomo wangu na mara moja kwa haki kabisa. Nikaona mtu wa aina yangu ni afadhali ajiajiri, maana bosi wake atakuwa na huruma. Chumba changu kiko chini kabisa ya jengo la ghorofa nne, mlango wa pili ukishaingia. Chini ya ngazi, pale ambapo mtu mwingine angeweka ufagio na ndoo, anakaa fundi viatu, ambaye jengo zima linamwita Soli.

Katika picha zote ninazoletewa, nazipenda zaidi za watoto, zile za studio za zamani. Nimezishika nyingi mpaka nimewazoea watoto wasionijua. Enzi hizo mji wetu ulikuwa na studio moja tu, na studio ile ilikuwa na koti moja la mtoto wa kiume, gauni moja jeupe lenye mshipi mrefu, jozi moja ya viatu vyeusi, simu ya mbao na mwanasesere mwenye jicho moja. Watoto wa mji mzima wamepita ndani ya vitu hivyo. Koti lile nimelihesabu kwa watoto thelathini na mmoja. Mnene limemkaba, mwembamba limebanwa kwa pini mgongoni na ukikodoa macho pini unaiona ikimeta kando ya bega. Ukimwona mtoto kasimama miguu pamoja kama askari anayekaguliwa, ujue viatu vinampwaya na ameambiwa akitikisika vitamvuka. Nyuma yao wote kuna turubai lililochorwa ngazi za jumba la kitajiri, na kila mmoja anasimama mbele ya ngazi hizo kana kwamba ameshuka sasa hivi kutoka chumbani kwake, kaacha kitanda hakijatandikwa.

Basi mteja akiniletea picha ya namna hiyo, mimi humchokoza. Humuuliza kama lile jumba waliliuza au liliungua. Wengi hucheka. Mmoja alichukua picha yake akaondoka, na hadi leo hajarudi.

Shangazi aliniletea yake Jumatatu. Ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache. Nusu ya watu wanaopita nje ya dirisha langu yeye ndiye aliyewapokea duniani, na anawatazama hivyo hivyo, kama watu aliowahi kuwashika wakiwa hawana nguo. Mimi ananiita baba, kwa kuwa nimepewa jina la baba yake, na jina hilo limenisaidia mara nyingi nilipostahili kuitwa vingine.

Alitoa picha ndani ya bahasha, bahasha ndani ya leso, leso ndani ya mkoba. Pamoja nayo alileta fremu ndogo ya mbao ya kuirudishia ile picha yenyewe. Ilikuwa picha iliyobandikwa kwenye kadi nene, kama walivyofanya zamani: mtoto wa kike wa miaka mitatu amesimamishwa juu ya kigoda kirefu, gauni jeupe, viatu vyeusi, mwanasesere wa jicho moja. Shangazi mwenyewe. Uso umevimba kama aliyetoka kulia.

Akaniambia mambo matatu. Kuza. Yote. Alhamisi nakuja. Akaongeza kwamba macho yake yameanza kuingia ukungu, na daktari amempangia kuyapasua, na kabla hajamwachia mtu kisu machoni mwake anataka aione picha ile vizuri.

Hapo ndipo ningetakiwa kusikiliza. Badala yake nilikuwa nimeshaziona ngazi za turubai, na ulimi ukaniwasha. Nikamuuliza, shangazi, kumbe mlikuwa na ghorofa mkatuficha sisi wengine? Akanitazama, akafunga mkoba, akaenda zake. Katika yale matatu aliyoniambia, nilibaki na kuza na Alhamisi.

Jumatano alasiri niliishika kazi. Ukingo wa kushoto wa kadi ulikuwa umejikunja juu kama ulimi, umechanika na umeingia madoa ya maji, na kila nikifunga kifuniko cha skana picha inanyanyuka na kutoa kivuli. Tena kwa upana ule isingeingia kwenye fremu yake. Fundi mwenye akili hupiga nakala kwanza hata kama ni mbaya, kisha ndipo akakata. Mimi nilikata kwanza. Niliweka rula, nikapitisha kisu, kipande cha upana wa vidole viwili kikaangukia kwenye pipa la takataka. Niliona kwamba kwenye kipande kile, pale pazia la studio lilipoishia, kulikuwa na kitu cha kijivu, vidole vya mtu vimechomoza vimeshika ncha ya mshipi wa gauni. Niliona, sisemi sikuona. Nilichofikiri ni kwamba mpiga picha yule alikuwa mzembe, na kwamba miaka sitini na zaidi baadaye amepata wa kumrekebishia. Kipande cha mshipi kilichobaki kikining'inia hewani nikakifuta kwenye kompyuta. Nikamfuta na inzi aliyekuwa kwenye turubai. Magoti ya mtoto yalikuwa yamepauka, nayo nikayapaka weusi mzuri. Nikaikuza ikawa ya upana wa meza, nikaitundika ukutani, nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Alhamisi saa nne shangazi akaingia. Nilimvutia kiti akakikataa. Alivaa miwani, juu ya miwani akashika kioo cha kukuzia, akasogeza uso karibu kabisa na picha. Nilidhani ataanza na uso wake kama wanavyoanza wote. Yeye alianza kushoto. Akapandisha kioo, akateremsha, akapandisha tena. Mimi nikaanza kuhamisha vitu mezani, gundi huku, rula kule, kisha nikavirudisha.

"Baba, mkono uko wapi?"

Nikamwambia mikono yake yote miwili iko salama, mmoja umeshika gauni, mwingine umemkaba mwanasesere.

"Si wangu. Wa mama."

Akanieleza akiwa bado ameuelekea ukuta. Bibi yangu alikuwa akifua nguo za watu. Siku hiyo alimpeleka mwanawe studio akitokea kwenye karai, na mpiga picha alipomtazama akasema mtoto atafaa ila mama, kwa nguo zile, hapana. Mtoto akavalishwa, akapandishwa kigodani, akaangua kilio kwa kuogopa kuanguka. Ndipo mama akaambiwa ajifiche nyuma ya pazia, ashike ncha ya mshipi na kuuvuta kidogo kidogo, mtoto ajue yupo. Mwaka uliofuata bibi alifariki akimzaa baba yangu. Picha nyingine hakupiga, wala iliyopo haikuwahi kukaa ukutani, maana mama wa kambo hakutaka kuiona, kwa hiyo shangazi akaihifadhi chini ya sanduku lake. Na kwenye mkono ule kulikuwa na kitu kidoleni, kitu cheupe. Maisha yake yote hakuwahi kujua ni nini, kwa kuwa kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Ndiyo maana alitaka ikuzwe. Ndiyo maana alisema yote.

Nimepigwa na maisha mara nyingi na nina mbinu yangu, huwa nacheka kabla maumivu hayajafika. Safari hii kicheko kiligoma. Nikainama kwenye pipa.

Pipa lilikuwa tupu. Kila asubuhi Soli huingia akachukua mabaki yangu ya kadi. Husema kadi ya picha za zamani haina mfano kwa kujazia viatu, haivunjiki wala hainywi jasho upesi, na mimi humwambia achukue tu, asante kwa usafi. Nikamwomba shangazi aketi. Safari hii alikaa, mkoba mapajani, chini ya ukuta wangu wa watoto wa makoti na simu za mbao. Nikatoka.

Soli alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Nilimwuliza kuhusu kipande cha rangi ya kahawia chenye upana wa vidole viwili, akafikiri bila kutoa misumari, halafu akaitoa mmoja mmoja huku mimi nikikanyaga huku na huku kama mtu aliyebanwa na haja. Alikuwa ameshatengeneza jozi nne tangu asubuhi. Ya kwanza si hiyo. Ya pili ilikuwa ya wazi, haijazwi.

"Kile kimeenda na mwalimu wa udereva," akasema. "Kiatu cha kulia. Kisigino kilikuwa kinampwaya."

Nikatoka mbio. Shule yao ya udereva haina uwanja; huzunguka barabara zetu tangu asubuhi mpaka jioni, na mtaa mzima unawajua, mama zetu wakiliona lile gari lenye kibao juu ya paa huita watoto waingie ndani. Nikasimama njia panda. Halikuja. Nikakimbilia njia panda ya pili, nikamkuta muuza magazeti akanionyesha nilikotoka. Nikarudi. Jua lilikuwa linapanda, na kichwani mwangu nilikuwa na picha moja tu, ya mguu wa mtu mzima anayetembea. Hatimaye nikaliona linakuja, polepole kiasi kwamba baiskeli ililipita na mwenye baiskeli akapunga mkono. Nikakimbia kandokando yake, nikagonga dirisha la kushoto, alipokaa mwalimu.

Nikamwambia naomba kiatu. Akanitazama, akatazama mbele. Alikuwa mtu mpole, upole wa watu ambao kazi yao ni kuwa karibu na kufa kila siku.

"Ingia nyuma," akasema. "Siwezi kuvua. Breki ya pili iko kwangu."

Nikaingia. Mwanafunzi alikuwa mama mmoja wa makamo, ameukumbatia usukani kama mtu anayemzuia mwizi. Nikaanza kueleza kutoka kiti cha nyuma, habari ya picha, ya kadi, ya Soli, lakini kila nilipofika mahali pa maana mama yule alikaribia kugonga kitu, na mwalimu akakanyaga. Alikanyaga kwa mbuzi. Alikanyaga kwa mkokoteni. Alikanyaga kwa ukuta ambao haukuwa umesogea tangu ujengwe. Mimi kila akikanyaga nashika kichwa.

"Mwalimu, taratibu," nikamwambia. "Hapo unapokanyaga ni bibi yangu."

Mama akaachia usukani. "Nimemgonga bibi?"

Gari likaruka mara mbili kama chura, likazimika katikati ya barabara. Honi zikaanza nyuma yetu. Mwalimu akavuta breki ya mkono, akashusha pumzi, akavua kiatu cha kulia, akanipa bila kugeuka. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Aliniambia kwamba hataondoka pale mpaka kiatu kirudi, hivyo nikipenda hizo honi zikome, nikimbie. Mama yule alikuwa bado anachungulia chini ya gari.

Nikakimbia na kiatu mkononi. Watu walinipisha, mtu mzima anayekimbia na kiatu kimoja kisicho chake hana mjadala na mtu.

Soli alikipakata, akaingiza kisu kidogo chini ya ngozi ya ndani, akainyanyua kwa upole kama anayefunua jeraha. Nilitarajia kuona uji wa gundi na karatasi. Badala yake kulikuwa na ngozi nyingine, nyembamba kama ganda la kitunguu, imetandazwa bila gundi. Chini yake ndipo kilipokuwa kipande, kimekatwa mviringo kufuata kisigino. Nikamwuliza ngozi hiyo ya nini.

"Niliona vidole vya mtu," akasema. "Nikaona nivifunike kwanza. Mtu hakanyagwi hivihivi."

Hakusema zaidi, akachukua kadi nyingine akajaza, akanipa kiatu nikirudishe. Kwenda na kurudi kulinichukua dakika kumi, na muda wote huo maneno yake yalikuwa nyuma yangu kama mtu anayenifuata kwa miguu. Yeye, ambaye kazi yake ni visigino, aliviona vidole akasita. Mimi, ambaye kazi yangu ni sura za watu, nilivikata kwa rula.

Nilimkuta shangazi kama nilivyomwacha. Nikaweka kipande mezani, nikawasha taa. Kidole gumba kilikuwa kimekwenda na mkasi wa Soli, na cha mwisho kilibaki nusu. Vitatu vilikuwa vizima, vimeubana mshipi kwa nguvu mpaka kucha zimeingia weupe. Nikakipitisha kwenye skana, nikakuza kwenye kompyuta, nikakuza tena. Kile cheupe kilikuwa kwenye kidole cha shahada. Shangazi akaja nyuma yangu, akainamia bega langu na kioo chake.

Haikuwa pete. Kilikuwa kitambaa, kimefungwa juu ya kidonda, ncha moja ndefu, nyingine fupi, na fundo limekaa upande.

"Alijifunga mwenyewe," akasema. "Ona fundo. Hili amelivuta kwa meno." Katika miaka yake ya hospitali alikuwa amefunga vidonda vingi, akajua alama ya mtu ambaye hakuwa na wa kumfungia.

 Alikaa na kioo chake pale, pumzi yake inaenda na kurudi shingoni mwangu, na mimi kimya ndicho kitu nisichokiweza. Ningekaa kimya dakika mbili tu, siku ingeisha vizuri. Lakini nilianza kuongea. Nikamwambia nitaunganisha kipande na picha, mstari hautaonekana, kidole gumba nitakichukua kwa mtu mwingine nikibandike. Akasema hataki kidole cha mtu mwingine. Nikasema sawa, basi tutaacha pengo. Akasema magoti pia niyarudishe yalivyokuwa. Nikasema nitayarudisha. Na hapo ningeweza kukoma. Ila nilikuwa nimekimbia, nimetoka jasho, nimepigiwa honi, na nadhani ndani yangu kulikuwa na yule fundi aliyejipongeza kwa chai, bado anataka apewe haki yake hata kidogo.

"Lakini shangazi, na wewe nihukumu kwa haki," nikasema. "Mpiga picha mwenyewe aliuficha. Picha nzima ni maigizo, tangu ngazi mpaka viatu. Fundi yeyote angeona mkono ule ndio kosa."

Alivua miwani, akaifuta kwa ile leso, akaivaa tena. Akakiokota kile kipande mezani, akakiweka ndani ya leso, leso ndani ya mkoba. Alipoongea hakuniita baba.

"Fundi," akasema, "gauni la studio, viatu vya studio, mwanasesere wa studio, ngazi za studio. Nilichotoka nacho nyumbani kilikuwa kimoja tu, na ndicho ulichokata."